Bia chachu ya Flanders, boksi moja, vyombo viwili: kimoja kiliumwa kikapona, kingine hakikupona

Naandika kisa chote mwanzo mwisho kwa sababu nilipokuwa nahangaika nacho kila niliyemuuliza aliniambia "subiri", bila kusema nasubiri nini, wala ni wakati gani kusubiri kunageuka kuwa kukaa kuangalia mzigo unaharibika. Mi naishi Gent, Ubelgiji, nyumba ya kupanga yenye chumba cha chini ya ardhi, na nimekulia Marangu ambako mbege ni kitu cha kila wiki, kwa hiyo pombe yenye uchachu hainishtui hata kidogo. Kilichonishtua ni muda. Mbege ukishachanganya ndizi na ulezi ndani ya siku chache inanyweka, ikipitiliza hapo haina soko tena. Hawa watu wa Flanders Magharibi wana bia nyekundu wanaiacha kwenye mapipa ya mwaloni mpaka miaka 2 kabla ya kuiuza.

Inayojulikana kuliko zote ni Rodenbach ya mji wa Roeselare, ilianza 1821, na ukiingia kule ndani unakuta mapipa makubwa ya kusimama wima, wenyewe wanayaita foeder, karibu 300, mengine yanabeba maelfu na maelfu ya lita, yaani ukisimama chini unatazama juu kama unatazama paa la godauni. Ladha yake, kwa aliyekulia kwetu, nitaielezaje: chukua juisi ya ukwaju isiyo na sukari, weka cheri zilizoiva sana, kidogo harufu ya ngozi ya kiatu kipya na vanila kwa mbali. Nilivyoinywa mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nzima. Nikasema hii lazima nijifunze kuipika.

Basi nikanunua boksi la viungo vya kupikia bia nyumbani. Duka silitaji, siyo kwa ubaya, ila karatasi yao ya maelekezo ndo chanzo cha nusu ya matatizo na nitafika huko. Ndani ya boksi la lita 20 kulikuwa na kimea kilichosagwa tayari (aina za Vienna na Munich kwa wingi, kidogo cha rangi nyeusi chenye utamu kama zabibu kavu), mahindi yaliyokandamizwa, pakiti ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) gramu 30 isiyo na uchungu mkali, na pakiti ya hamira ya mchanganyiko. Hopsi ni chache makusudi, maana uchungu wa hopsi unawazuia bakteria wa uchachu wasifanye kazi. Ukimwaga hopsi kama unapika bia ya kawaida umeshajifungia mlango mwenyewe.

Hiyo pakiti ya hamira ndo moyo wa hii bia, kwa hiyo nieleze taratibu. Ndani yake hakuna mdudu mmoja, kuna kundi zima. Kuna hamira ya kawaida ya bia, hii inakula sukari rahisi ndani ya wiki ya kwanza na kuleta kilevi. Kuna laktobasila, ndugu wa yule anayegandisha mtindi. Kuna pediokokasi, huyu anakwenda polepole, ndo anayeleta uchachu mwingi lakini ana tabia zake. Alafu kuna breti, jina lake kamili Brettanomyces, hamira ya porini ambayo Mdenmark mmoja wa Carlsberg, Claussen, aliipa jina mwaka 1904 baada ya kuikuta kwenye bia za Uingereza zilizokaa muda mrefu, jina lenyewe maana yake kuvu wa Kiingereza. Breti anakula vile vilivyobaki, vile ambavyo wenzake wameshindwa kuvikata, na anasafisha uchafu wa wenzake. Hilo la kusafisha lishike, litarudi.

Na kuna wa tano ambaye hayuko kwenye pakiti, hakualikwa ila anakaa kila mahali, kwenye mbao, kwenye maganda ya matunda, kwenye miguu ya nzi wadogo wa ndizi. Bakteria wa siki. Huyu anakula kilevi anatoa siki, lakini bila hewa hawezi kufanya hiyo kazi. Kwenye hii bia anatakiwa aonekane kidogo tu, kama chumvi kwenye uji.

Nilipika Oktoba. Haidromita, kile chombo cha kuelea kinachoonyesha sukari imebaki kiasi gani (maji matupu ni 1.000), ilisoma 1.054. Siku 10 kwenye ndoo ya plastiki ikashuka mpaka 1.014, nikaacha tena wiki mbili itulie, alafu Novemba nikagawanya. Hapa ndo penye kisa. Nilikuwa nimenunua pipa dogo jipya la mwaloni la lita 10, zuri kweli, lina pete za chuma na bomba la mbao, na nilikuwa na chupa kubwa ya kioo ya lita 10. Nikaona nigawanye nusu kwa nusu, bia ileile, hamira ileile, chumba kilekile, nione pipa linafanya nini. Pipa nilishalijaza maji ya moto siku mbili mpaka mbao zikavimba na kuacha kuvuja. Ile ya chupa nikaiwekea gramu 15 za vipande vya mwaloni nilivyochemsha kwanza. Zote mbili nikaziba kwa kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, wengi tunakiita ealoki.

Karatasi ya boksi kuhusu hatua hii ilikuwa na sentensi moja: weka kwenye pipa miezi 6 hadi 18. Basi. Hakuna neno kuhusu ukubwa wa pipa, hakuna neno kuhusu kujazia.

Baridi yote ile chumba kilikuwa nyuzi joto 13, 14, hakuna kilichokuwa kinaendelea cha maana. Nilikuwa nashuka kila mwezi, nafungua bomba la pipa, nachota kama mililita 200, naonja, naandika kwenye daftari. Februari ile ya pipa ilikuwa na mwaloni mwingi mno, inakausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, lakini nikajipa moyo kwamba pipa ni jipya.

Aprili, joto lilipoanza kupanda, chupa ikaumwa. Nilivuta kidogo kwa mrija nikamimina kwenye glasi, na ile bia haikumiminika, ilivutika. Uzi mmoja mrefu kutoka mdomo wa mrija mpaka ndani ya glasi, haukatiki, ukiinua mkono unarefuka tu kama mlenda uliozidi magadi. Nikanusa, harufu ya siagi iliyokaa. Nikaonja kwa kujilazimisha, ukiacha ule uteute ladha haikuwa mbaya, uchachu ulikuwa unaanza vizuri, lakini mdomoni ilikuwa kama kumeza yai bichi. Nilishika ile chupa nikaanza kuiburuta kuelekea kwenye karo. Kilo kama 10 na zaidi ukichanganya na kioo, nikafika ngazi ya pili nikapumzika, na ni hapo ndo jirani yangu, mzee wa Kiflemi mwenye miaka sabini na kitu, alikuwa anapita na baiskeli yake mlangoni akauliza naenda wapi na hiyo. Nikamwonyesha glasi. Akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga, akacheka kwa furaha kabisa akasema, "Inaumwa. Rudisha chini, usiiguse mpaka majira ya joto yaishe."

Na kweli wenyewe wana neno hilohilo, bia inaumwa. Kinachotokea ni kwamba pediokokasi, hasa joto likipanda, anatengeneza minyororo mirefu ya sukari, ndo huo mlenda, na anatoa ile harufu ya siagi. Kama yuko peke yake una tatizo kweli. Ila kwenye kundi lenye breti, breti anakata ile minyororo na kuila, na ile siagi pia anaimaliza. Inachukua wiki kadhaa hadi miezi kadhaa. Siyo sumu, bia yenye kilevi cha asilimia 6 na uchachu wa kiwango kile siyo mahali pa vijidudu vya kukuumiza tumbo, inachukiza macho tu. Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi, nikairudisha chini.

Sasa kosa langu, na hili ndo linaloniuma mpaka leo. Nikachukua ule ushauri wa mzee nikauweka kwenye vyombo vyote viwili. Nikajisemea hizi bia zinaumwa zinapona, kazi yangu ni kusubiri. Nikawa siangalii pipa kwa makini tena, naendelea tu kuchota glasi yangu ya kila mwezi kama kawaida.

Julai kulikuwa na wiki mbili za joto kali, chumba cha chini kikafika nyuzi 23. Nikashuka Jumamosi moja, kabla sijafika hata chini ya ngazi nikasikia harufu. Haikuwa siki peke yake, ilikuwa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, unaihisi kwenye pua kabla hujaielewa kichwani. Nikagonga pipa kwa kidole kutoka chini kwenda juu, sauti ikabadilika mapema mno. Nikatoa kizibo cha juu nikaingiza kijiti kisafi kama unavyopima oili ya gari. Lita mbili na nusu zilikuwa hazipo. Glasi zangu nane za kuonja zinakaribia lita 1.6, iliyobaki ilipita kwenye mbao yenyewe, maana mbao inavuja mvuke taratibu bila kudondosha hata tone. Na mahali bia ilipotoka, hewa iliingia. Juu ya bia kulikuwa na utando mnene mweupe unaong'aa, na kwenye ealoki maji yalikuwa yamebaki kiduchu chini kabisa, joto limeyakausha.

Kwa hiyo yule wa tano alipata kila alichohitaji: kilevi, joto na robo ya pipa iliyojaa hewa. Anatengeneza asidi ya siki, na ile asidi ikikutana na kilevi ndo inatoka ile harufu ya rangi ya kucha. Na tofauti yake na ugonjwa wa chupa, hiki ndo kitu nilichotaka mtu aniambie Aprili: ule mlenda breti anaweza kuula, siki hakuna mdudu kwenye lile kundi anayekuja kuila baadaye. Haitoki. Ukisubiri inaongezeka.

Ukubwa wa pipa nao nilikuja kuukalia chini na kalamu. Ukilinganisha na pipa la kawaida la mvinyo la lita 225, pipa la lita 10 kila lita yake moja inagusana na mbao karibu mara 2.8 zaidi. Ukilinganisha na pipa kubwa la lita 20,000 ni zaidi ya mara 12. Na mbao ndo inayopitisha hewa, ndo inayotoa ule ukali wa kukausha ulimi, tena mbao za kipipa ni nyembamba. Yaani kile kinachotokea Roeselare kwa miaka 2, kwenye kapipa kangu kinatokea ndani ya miezi, na zaidi ya hapo. Kuandika miezi 6 hadi 18 kwenye boksi la lita 20 bila kumwambia mtu jambo hili siyo haki, mtu anapoteza mwaka wake.

Kitu kingine kilichonichanganya ni kipimo cha pH, namba inayoshuka kadiri uchachu unavyozidi. Baadaye nilipima zote mbili, chupa 3.4, pipa 3.3. Ukiangalia namba hizo unasema tofauti ni ndogo, lakini mdomoni pipa lilikuwa linachoma koo. Ni kwa sababu asidi ya siki ni dhaifu, haishushi pH sana hata ikiwa nyingi. Nikachukua kile kipimo cha watu wa mvinyo, cha kudondosha magadi makali tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, kinachopima jumla ya asidi yenyewe. Chupa ikaja gramu 6 kwa lita, pipa 12. Hapo ndo namba ikakubaliana na ulimi.

Turudi Jumamosi ile ya Julai: jioni yake nikampigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, bado unahangaika na hiyo pombe ya mwaka mzima?" Nikamweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza swali moja tu, "Ulikuwa unachota bila kujazia?" Nikamwambia ndiyo mama. Akasema, "Basi hiyo usiililie, tia kwenye kachumbari. Nyingine ile iliyokuwa na mlenda inaendeleaje?"

Sikuwa nimeiangalia tangu Juni. Agosti mwishoni nikavuta kidogo, ikamiminika kama maji. Hakuna uzi, hakuna siagi. Rangi nyekundu ya kahawia inayopitisha mwanga, harufu ya cheri na ngozi, uchachu wa kukaa pembeni mwa ulimi, safi. Nilikaa chini kwenye ngazi. Haidromita ilisoma 1.005, Septemba 1.005, Oktoba 1.005.

Ila ilikuwa kali kidogo na nyembamba mdomoni, na hapa nikaiga wanachofanya wenye bia yao. Rodenbach Grand Cru siyo bia iliyokaa kwenye pipa peke yake, ni theluthi mbili iliyokaa miaka 2 na theluthi moja changa. Septemba nilikuwa nimepika bia ya kahawia ya kawaida kutoka boksi lingine dogo, ilishaisha kuchacha kwa 1.010. Nikaweka glasi mezani, nikachukua sindano ya dawa isiyo na ncha, nikaanza kuchanganya mililita mia mia: changa kidogo, changa nyingi, na ya pipa asilimia 5, 10, 20. Ya pipa kwenye 10 ilikuwa tayari inapiga pua. Kwenye 5 ikafanya kitu ambacho sikukitegemea, ile bia ya chupa ikafunguka, ikawa na makali kidogo mwishoni kama ile ya dukani. Bila hiyo 5 ilikuwa nzuri, nayo ilikuwa na uhai zaidi. Nikachagua lita 8 za chupa, moja na nusu changa, nusu lita ya pipa. Yule mdudu wa siki nilimwingiza nikijua, kwa sababu ndani ya chupa iliyojaa na kuzibwa hana hewa ya kufanyia kazi.

Hapa wengi wanapasua chupa, naomba uelewe vizuri. Bia changa ina sukari ambazo hamira yake imeshindwa kuzila, lakini breti anazila. Kila pointi moja ya haidromita (yaani 0.001) ikiliwa ndani ya chupa iliyofungwa inaongeza gesi karibu nusu ya ujazo wa bia yenyewe, pointi 4 peke yake ni ujazo 2, na hapo hujaweka sukari yako ya kutolea povu. Kwa hiyo mchanganyiko nikaurudisha kwenye kioo, umejaa mpaka shingoni. Oktoba ulisoma 1.006, Desemba 1.004, Januari 1.004. Ndo nikafunga. Gramu 57 za sukari kwa lita 9 na nusu, pamoja na hamira kidogo mpya ya mvinyo wa povu, kwa sababu ile ya mwanzo ilishakufa zamani na hamira ya kawaida ya bia inapata shida kwenye uchachu ule. Chupa nene za mililita 750 zenye vizibo vya koki na waya, zikatoka 12.

Ya kwanza nilifungua Pasaka, nikaipeleka kwa mzee jirani. Alimimina nusu, akaacha mashapo chini, akanusa muda mrefu. Akasema cheri. Alafu akainamisha glasi akaangalia bia inavyoteremka ukutani, nikajua anatafuta ule uzi. Haukuwepo. Tuliimaliza bila kuongea sana.

Pipa nimelibakiza kwa kazi ya siki peke yake, maana bakteria wa siki akishaingia kwenye mbao sabuni haimtoi wala maji ya moto. Nilitoa kizibo, nikafunika tundu kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa kwa mpira kuzuia nzi, na kufikia Januari zile lita karibu 7 zilikuwa siki kamili ya kimea, nyekundu, ina harufu ya mwaloni. Kwenye kachumbari ya vitunguu inatulia kuliko ya dukani, na nyama choma ikilala humo usiku mmoja inalainika vizuri.

Boksi la pili liko chini sasa hivi tangu Novemba. Lita zote ziko kwenye kioo, vipande vya mwaloni gramu 30, chupa zimejaa mpaka shingoni. Sionji kila mwezi tena, nimepanga Aprili na Septemba tu, na kila nikichota ninajazia kwa bia ileile niliyoihifadhi kwenye chupa ndogo. Maji ya ealoki nabadilisha Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wiki iliyopita nilipitisha tochi kwenye kioo, juu kuna utando mwembamba mweupe umeanza, chini kabisa kuna kitu kizito kidogo. Mama ameshauliza mara mbili kama mlenda umefika.